Mnunuzi wa Mifupa Katika Kituo cha Utafiti wa Maji

Siku yangu ya kwanza kazini nilitumwa kununua mifupa. Nilikuwa nimevaa shati jeupe ambalo mama alilipiga pasi alfajiri ile kwetu Sokon One, mjini Arusha, viatu nimeazima kwa jirani, na nilitarajia kuonyeshwa meza yangu. Mkurugenzi wa kituo, mtaalamu wa jiolojia, yaani elimu ya miamba, alinitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Wewe ndiye uliyesifiwa kwamba unajua kununua?"

"Najua kukataa kununua, Mkurugenzi. Kununua kila mtu anajua."

Hakucheka. Watu wa mawe hawana haraka. Alivuta droo, akatoa jiwe jeusi lenye vitundu, akaliweka mezani. "Hili limetoka Mlima Meru. Ndilo linaloharibu meno ya watu. Sasa nenda ukaniletee mifupa ya ng'ombe. Isiwe na nyama."

Nilitoka ofisini nikijiuliza kama nimeajiriwa na watafiti au na mganga.

Kabla ya hapo nilikuwa nauza mitumba. Nilijua kumtazama mteja nikatambua kama ana haraka au ana shida, na kila mzigo nilihesabu mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya mwenye mali na ya pili kwa ajili yangu. Nilidhani ujuzi wa namna hiyo hauna kazi mahali pa wasomi. Kumbe ndio ulionikalisha pale kituoni, upande wa Kisongo, mpaka nikastaafu.

Ninyi vijana mnaokunywa maji ya chupa huenda hamjui habari ya jiwe lile. Mlima wetu uliwahi kutapika moto, na majivu na mawe uliyoyatapika yana madini yanayoitwa floridi. Maji yakipita humo huyabeba. Kidogo yanaimarisha meno, ndiyo maana yamo kwenye dawa ya mswaki. Yakizidi, meno ya mtoto yanaota na rangi ya kahawia, mengine yana mistari, mengine yanameguka, na akizidi kuyanywa mifupa nayo inaingia matatani. Zamani mtu wa huku akienda Dar es Salaam, akicheka tu, anaulizwa, "Wewe wa Arusha?" Hakuhitaji kuonyesha kitambulisho.

Dawa yake ndiyo mifupa. Mifupa ikichomwa kwenye tanuri lisilopata hewa nyingi, inageuka mkaa mweusi ambao una tabia ya kunasa floridi. Tunausaga, tunauchekecha, tunauosha, tunaujaza kwenye ndoo yenye bomba, na maji yakipita humo yanatoka yamepungukiwa. Kuchoma ni kazi ya jicho. Hewa ikizidi, unapata majivu meupe yasiyofaa hata kwa kuku. Moto ukipungua, mafuta yanabaki, na maji yanatoka yananukia supu. Tulitoa ndoo za namna hiyo mwanzoni. Kijiji kizima kilikuwa kinakunywa supu baridi isiyo na chumvi, na mbwa wakilinda ndoo kuliko askari.

Aliyekomesha supu ile ni Mkuu wa Maabara, mama mmoja mkemia, Mkatoliki wa Rombo, mkali kama siki. "Mifupa yako ina mafuta," aliniambia. "Nitafutie isiyo na mafuta."

"Mama, ng'ombe asiye na mafuta atakuwa mgonjwa."

"Hilo ni tatizo la ng'ombe. Langu ni mkaa."

Nikazunguka mjini. Washindani wangu hawakuwa watafiti wa kituo kingine, walikuwa wauza supu. Palikuwa na shangazi mmoja karibu na stendi, supu yake wanaume walikuwa wanaiamkia. Nikakaa, nikanywa, nikamuuliza, "Shangazi, mifupa ukimaliza supu inaenda wapi?"

"Kwa mbwa."

"Mbwa wanakulipa?"

"Wewe unanilipa?"

"Nitakuondolea takataka bure."

"Bure!" Akawageukia wateja. "Jamani, mnamsikia? Heri ya mbwa, wao wakipewa wanatikisa mkia."

Nilitikisa kichwa, ndicho nilichokuwa nacho. Tukaishia kwenye kubadilishana, yeye ananipa gunia la mifupa iliyokwisha kuchemka, mimi nampa debe la mkaa wa kupikia. Mkuu wa Maabara alifurahi kwa namna yake, yaani hakunifokea wiki nzima.

Halafu likaja jambo la dini. Mimi ni Mwislamu, na watu wa mtaa wetu walinisimamisha njiani: maji yanayopita kwenye mifupa, mifupa yenyewe ya mnyama gani, nani kamchinja? Na mji huu, mnajua, kuna mabucha na kuna kitimoto, yaani nguruwe. Mkurugenzi alidhani ni suala la kutoa maelezo. Nikamwambia maelezo hayatoshi, atafutwe mwenye elimu hiyo. Akaalikwa mtafiti wa fiqhi, yaani sheria za dini, mzee mpole mwenye kanzu iliyonyooka kama karatasi. Alikaa maabara siku nzima akitazama tanuri, akasoma, akaniita pembeni.

"Kijana, kitu kikiungua mpaka kikageuka kuwa kitu kingine, wanazuoni wamekhitilafiana kama hukumu yake inabadilika."

"Sasa sheikh, mimi ninunue wapi?"

"Nunua mahali ambapo hawatakhitilafiana."

Nikaanza kununua kwa wachinjaji wanaojulikana na wauza supu wao tu, na kila gunia likawa na alama ya lilikotoka. Hiyo ikawa kanuni ya kituo. Mkurugenzi aliiandika kwenye ripoti kama "ufuatiliaji wa chanzo cha malighafi". Wasomi wana namna yao ya kuivalisha suti kauli ya mtu.

Lakini hapo ndipo nilipoanza kuiona elimu ilivyo. Nilikuwa nadhani msomi ni mtu anayejua mambo mengi. Kumbe msomi wa kweli anajua jambo moja mpaka chini kabisa, na la jirani yake halijui kabisa. Kwa kuwa gari letu lilikuwa moja na mimi ndiye niliyejua wenyeji, kila mgeni wa utafiti alipandishwa humo. Nilimpeleka mtafiti wa konokono wa msituni, mtu mzima mwenye familia yake, akalala kifudifudi kwenye majani akinong'ona. Nilimpeleka mwanahistoria aliyetaka kujua kahawa ilivyofika kwenye kila shamba, na mwenzake aliyefuatilia nyimbo za rika za Waarusha, aliyelia machozi mzee alipokataa kuimba. Alikuwepo wa vumbi. Si udongo, vumbi. Kila mmoja aliniambia njiani, kwa siri, kwamba somo lake ndilo limesahauliwa na kwamba wengine wanapendelewa. Niliwaitikia wote. Ningewapinga, nani angenisaidia kusukuma gari?

Wa mwisho kuongezwa kwenye gari alikuwa mtaalamu wa isimu, elimu ya lugha, mhadhiri kijana kutoka Tanga, aliyekuwa anakusanya maneno ya Kimeru ya jikoni. Mawe aliyaacha, wadudu aliwaacha, akachagua vyungu. Watoto wakambandika jina la Dada wa Maneno. Mkuu wa Maabara hakumpenda. "Huyu anakula nafasi ya sampuli zangu," alisema, na sampuli ni yale maji na mikojo tuliyobeba kwenda kupimwa. Dada wa Maneno akajibu, "Mama, mimi nitakaa juu ya sampuli, na sitavunja hata moja." Akakaa hivyo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Tulikuwa na majaribio kwenye kijiji kimoja upande wa Nduruma. Nyumba chache zilipewa ndoo, na watoto wakawa wanapimwa mkojo, kwa sababu floridi mtu anayokunywa nyingine hutokea huko, na hapo huwezi kudanganya. Mkaa ulikuwa haba, hivyo kamati ya mradi iliweka sharti: nyumba ambayo floridi kwenye mkojo wa mtoto haishuki, ndoo inahamishiwa kwa jirani.

Mmoja wa waliopewa alikuwa Mama Elinami, Mmeru, mjane, akiishi na mama mkwe wake na binti mdogo. Meno yake mwenyewe yalikuwa ya kahawia, na alikuwa na mazoea ya kuongea kiganja kikiwa mdomoni. Mtoto wake mkubwa wa kiume alikuwa hivyo hivyo, hata picha ya kipaimara alipiga midomo imebanwa kama anapimwa homa. Alibaki Elinami, ambaye alikuwa bado na meno ya utoto. Daktari wa Meno wa mradi alimwambia mama yake mbele yangu: "Meno ya ukubwa yanatengenezwa sasa hivi, ndani ya fizi. Ya mbele huenda yameshaguswa. Ya nyuma bado. Akifika darasa la pili au la tatu, yote yatakuwa yamekwisha kutengenezwa, hata mkimpa maji ya mbinguni hayatabadilika."

Mama Elinami aliitazama ndoo kama mtu anavyotazama basi la mwisho.

Mkojo wa Elinami haukushuka. Tukapima tena, haukushuka. Wa watoto wa majirani ulishuka wote. Mkuu wa Maabara akaenda mwenyewe, mimi nikiwa nyuma na chupa.

"Mama Elinami, ndoo unaitumia?"

"Naitumia."

"Kila siku?"

"Hata uso nanawia maji ya mfereji ili haya yasiishe."

"Mtoto hanywi mferejini akitoka shule?"

"Nampa chupa. Nimemtisha na nyoka, na shetani, na wewe."

"Mbona mkojo haushuki?"

"Muulize mwenye mkojo."

Elinami alikuwa amekaa kizingitini. Alijificha nyuma ya mlango, akachungulia kwa jicho moja.

Kamati ikaamua. Kwenye karatasi zao nyumba ile iliandikwa "haifuati taratibu", maana yake kwa Kiswahili cha mtaani ni kwamba mama yule ni mwongo. Tukapangiwa siku ya kwenda kuichukua ndoo. Mimi ndiye niliyetakiwa kuibeba, na katika vitu vyote nilivyobeba kwa kituo kile, sikuwahi kuona chepesi kikiwa kizito namna ile hata kabla sijakigusa.

Siku hiyo gari lilimbeba na Dada wa Maneno, kwa kuwa alikuwa anaelekea huko huko. Tulipofika, Mama Elinami alikuwa ameshajua. Habari mbaya ilikuwa imetutangulia.

"Karibuni," alisema. "Kaeni mle. Mtanichukulia ndoo mkiwa mmeshiba."

Mkuu wa Maabara alitaka kukataa. Nikamkanyaga mguu. Tukakaa kibarazani, tukaletewa makande, mahindi na maharage laini yaliyokolea. Dada wa Maneno hakukaa nasi, aliingia jikoni na kinasa sauti chake, na sisi tulimsikia kupitia ukuta wa mbao.

"Hiki mnakiitaje? Na hiki cha kukorogea?" Mama Elinami alimjibu kwa Kimeru, moja moja, sauti haina nguvu. Maneno yenyewe siyaandiki, mimi ni Mrangi, ulimi wangu haukuyaweza mpaka leo. "Na hili bonge jeupe?"

"Hilo magadi."

"Kazi yake?"

"Kulainisha. Bila hilo maharage yanakucheka mpaka jioni."

Nilimwona Mkuu wa Maabara akiacha kutafuna. Kijiko kilibaki hewani. Akainuka nacho, akaingia jikoni bila hodi.

"Magadi haya mnaweka kila siku?"

"Kila tukipika maharage. Na mboga ya mnafu. Na ndizi zikiwa ngumu."

"Na mtoto anakula?"

"Asipokula makande ale nini, karatasi zenu?"

"Mbona hukutuambia?"

Mama Elinami aliondoa kiganja mdomoni kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Mliniuliza maji. Nikawajibu maji. Mliniuliza chai, uji, samaki. Nani aliniuliza magadi?"

Ilikuwa kweli. Dodoso letu, yaani orodha ya maswali ya utafiti, liliandikwa na watu wa maji. Magadi si maji. Na hakuna mtu wa huku atakayekwambia magadi ni chakula, kama vile hutamwambia daktari kwamba umekula kuni. Ni kitu cha kupikia. Yakapita katikati ya elimu zote, ya mawe, ya kemia na ya meno, kwa sababu kila moja ilidhani yapo kwa mwenzake.

Tuliondoka bila ndoo, tukiwa na bonge la magadi kwenye mfuko. Maabara, lilipoyeyushwa na kupimwa, sindano ya kipimo cha floridi ilikimbia mpaka ikagonga mwisho. Mkuu wa Maabara akamwambia Dada wa Maneno, bila kumtazama, "Kesho utakaa mbele."

Mngedhani mambo yameisha. Hapana. Magadi yalikuwa na mwenyewe, naye ni mama mkwe, Bibi wa nyumba ile. Siku ya kuwaeleza, kamati nzima ilijiuma midomo, nikatumwa mimi, kwa kuwa ilikuwa kazi ya kupatana.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, Baba Mifupa. Leo umekuja kununua yangu?"

"Bado inatumika, Bibi. Nimekuja kwa habari ya magadi."

"Nimekula magadi tangu naota meno."

"Na meno yenyewe yako wapi, Bibi?"

"Yameanguka kwa uzee. Yako yataanguka kwa maneno." Akacheka, fizi tupu, kisha akaacha. "Sikia, mwanangu. Mimi sina la kutafunia. Bila magadi maharage kwangu ni kokoto. Mnataka mtoto aote meno, mimi nife njaa?"

Sikuwa nimelifikiria hilo, wala hakuna mradi uliokuwa umelifikiria. Nikapendekeza vyungu viwili, chake chenye magadi, cha mtoto kisicho nayo. Ndipo sauti yake ilipobadilika.

"Elinami anakula kwenye sahani yangu. Tangu aachishwe ziwa. Unaniambia nimfukuze mkono?"

Nimepatana na wachinjaji, wenye magari, na maofisa wa forodha. Hakuna aliyewahi kunitajia bei kama ile. Yule mtoto alikuwa amemwegemea Bibi, anachezea kanga yake, hajui kwamba anapiganiwa. Mama yake alisimama mlangoni. Angeweza kumwamuru mkwe wake kwa jina la kamati. Hakufanya hivyo.

Bibi ndiye aliyetoa njia. "Kuna maharage ya njano, yanaiva upesi. Mwambie mwenye mradi awe ananiletea. Yalowekwe usiku kucha, na yangu yapondwe. Hapo nitaacha magadi."

"Utaacha kabisa?"

"Kabisa. Lakini sahani ni ile ile moja."

Nilikubali papo hapo, bila kupunguza hata kibaba. Ndiyo biashara pekee niliyotoka nimeshindwa nikatembea kifua mbele. Mhasibu wa kituo aliniuliza maharage ya njano ni kifaa gani cha utafiti. Nikamwambia ni kichujio. Akaandika kichujio.

Mkojo wa Elinami ukashuka. Ndoo ikabaki. Dodoso likaandikwa upya, safari hii Dada wa Maneno akiwa mezani na watu wa maji, wakigombana tangu asubuhi, na mimi nikiwaletea chai na kusikiliza kwa raha kuliko redio.

Nimestaafu sasa. Siku ya kuagwa, wakubwa wangu walikuja, wengine na fimbo, na kila mmoja katika hotuba alieleza ushindi ule kama wa somo lake. Mkurugenzi alisema yote yalianzia kwenye jiwe. Mkemia alisema ni kipimo. Sheikh, Mungu amrehemu, hakuwepo, lakini mwanafunzi wake alisema ni uaminifu wa chanzo. Dada wa Maneno, ambaye sasa ni profesa, alisema ni nomino. Niliwapigia makofi wote sawasawa. Nawakumbuka mno, hata kelele zao. Nyumba yangu ya Sokon One ni tulivu mno kwa mtu aliyezoea kusafiri na watu wanaobishana kuhusu konokono.

Mwezi uliopita Elinami alikuja kunisalimia. Yuko chuo, anasomea uuguzi. Bibi alishatangulia mbele ya haki, na mama yake bado anaongea kiganja mdomoni, mazoea hayana tiba. Tulikuwa tunazungumza habari za Bibi, jinsi alivyokuwa akinituma mimi, mtumishi mzima, nikabadilishe maharage yenye wadudu, na binti akacheka. Meno mawili ya mbele yana mistari ya kahawia, yale Daktari alisema tumechelewa. Lakini alicheka kichwa nyuma, mdomo wote wazi, nikaona ya nyuma, juu na chini, meupe yote. Bila kujijua nikawa nimeinama, nimevaa miwani, nayahesabu.

"Babu! Unanikagua kama mbuzi wa mnada wa Kisongo."

"Mbuzi wa Kisongo," nikamwambia, "mpaka ashikwe taya ndipo afungue. Cheka tena."